Akili ya Kuundwa na Akili ya Kujifunza: Hoja Kutoka Ole

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyofundishana: nani hukaa mbele ya nani, nani huuliza na nani hujibu, mwanafunzi hupewa nini na hunyimwa nini, na yote hayo kwa lugha gani. Taifa linaloacha jambo hili liamuliwe na wengine huwa limekwisha kutoa sehemu kubwa ya utamaduni wake, hata kama ngoma zake bado zachezwa kila sikukuu. Kwa sababu hiyo nawaomba walimu na wanafunzi wa skuli zetu za sekondari wanistahamilie nikileta, ndani ya mkusanyo wa makala za utamaduni, jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la mafundi wa mitambo tu. Nataka kusema juu ya mtu asiyejua lolote katika kompyuta, aishiye kijijini Ole katika kisiwa cha Pemba, ambaye leo anaweza kujifunza kuandika programu huku mwalimu wake ni akili unde.

Kwanza jina. Wako wasemao "akili bandia", wako wasemao "akili mnemba", na wako wasemao "akili unde". Mimi nimechagua hili la mwisho kwa sababu ya watu wa pwani. Kuunda, kwa mabaharia na mafundi wetu, ni kujenga chombo cha bahari. Aliyeunda jahazi anajua kila ubao ulipopigiliwa msumari, wala jahazi halimwambii yeye liende wapi. Jina hili latukumbusha kwamba kitu hiki kimetengenezwa na watu, kwa mali zao na kwa manufaa yao. Bandia huchezewa na watoto. Chombo hupandwa na watu wazima, na huzama pia.

Juu ya chombo hiki nasikia kauli tatu, na zote tatu nazipinga. Ya kwanza ni ya washangiliaji. Hao husema kwamba uhaba wa walimu umekwisha: kila kijana mwenye simu sasa anaye mwalimu asiyelala, asiyekasirika na asiyedai mshahara, basi tuwaachie vijana simu zao nasi tukae kitako. Ya pili ni ya wenye hofu, watakao mashine hii ipigwe marufuku katika skuli zote kwa kuwa wanafunzi huitumia kuibia majibu. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa husemwa kwa sauti ya upole na watu waliosoma. Hiyo husema: siku hizi mashine yenyewe huandika programu, kwa hiyo kumfundisha mtoto wa Pemba kazi hiyo ni kumpotezea wakati. Ati wao waunde, sisi tutumie. Msomaji aijuaye historia ya nchi hii atautambua wimbo huo mara moja, maana uliimbwa zamani juu ya karafuu: ninyi chumeni, viwanda viko kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea aliilaumu elimu iliyowatenga vijana na jamii yao na kuwapa fikra kwamba maarifa yote ya maana hutoka katika vitabu na kwa watu waliosoma. Kauli hii ya tatu yaturejesha huko huko, tofauti ni kwamba mahali pa kitabu sasa pamekaa kioo cha simu.

Natuitazame Ole yenyewe. Ni mahali pa wakulima, pa mikarafuu, minazi na muhogo, na hapo ndipo huanzia ile barabara ya kwenda Kengeja. Hadi mwaka 2010 Pemba iliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli. Mwaka huo waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kuleta umeme wa gridi ya taifa. Mtoto aliyezaliwa Ole mwaka ule waya ulipofika sasa yumo katika madarasa ya sekondari. Yeye hakuikuta kompyuta kuwa kitu cha ajabu cha mjini. Simu imo mfukoni mwa kaka yake au shangazi yake, na simu yenye intaneti yatosha kuanzia. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha hatua ya kwanza. Hapo ndipo mwalimu wa akili unde aingiapo, na sitaki nionekane namkebehi: kwa kijana asiye na mwalimu wa somo hili karibu yake, kuwa na wa kumwuliza usiku wa manane, tena kwa Kiswahili, ni neema kubwa.

Lakini programu ni kitu gani? Washangiliaji na wenye hofu, wote wawili, huizungumzia kana kwamba ni uganga wa kizungu. Programu ni mpango wa hatua uliopangwa bila shaka yoyote, hata mtekelezaji asiye na akili aweze kuufuata na kufika. Basi. Kijana wa Pemba aliyekaa kibarazani akicheza bao amekwisha kuijua nusu ya elimu hiyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huchukua kete za shimo moja na kuzisia moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala, na zamu humpita. Hilo ni agizo la kurudia tendo mpaka sharti fulani litimie, na hakuna programu kubwa duniani isiyojengwa kwa maagizo ya namna hiyo. Mchezaji hodari huziona kete zake zinazunguka kabla hajazigusa. Mwandishi wa programu hafanyi zaidi ya hayo.

Iko elimu nyingine ya kwetu iliyo karibu zaidi na jambo hili, nayo ni mirathi. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, aliishi mwanachuoni aitwaye Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake cha aljebra, ambacho ndicho kilichoipa elimu hiyo jina, kina sehemu kubwa ya maswali ya wasia na mirathi: mtu kafa, kaacha hawa na hawa, kila mmoja apate nini. Wazungu wa zama za kati walipozitafsiri kazi zake kwa Kilatini waliliandika jina lake kwa namna yao, na kutokana na jina hilo limetoka neno algorithimu, ambalo leo ndilo neno la msingi la waandishi wote wa programu. Kwa hiyo mzee wa Ole ajuaye kugawa mirathi kwa vidole vyake na kijana wa California aandikaye programu ni wanafunzi wa ukoo mmoja. Na elimu hiyo imeandikwa kwa Kiswahili zamani: Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy wa Tanga alitunga kitabu cha mirathi kwa lugha hii wakati ambapo kompyuta haikuwapo popote duniani. Ni nani basi atakayetuambia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mahesabu ya hatua kwa hatua?

Sasa natuchukue mfano. Tuseme msichana wa kidato cha pili hapo Ole ameamua kujifunza. Amechagua Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ambayo wengi huianzia kwa sababu maandishi yake ni machache na safi. Kazi yake ya kwanza ni ndogo: anataka programu itakayowahesabia wachumaji karafuu malipo yao. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Tuseme kila pishi ni shilingi 500. Anaiagiza mashine iulize idadi ya pishi, kisha izidishe kwa 500. Anaandika 12 na kungojea 6,000. Badala yake kioo kinajaa 12121212 mstari baada ya mstari, kana kwamba mashine imepagawa.

Hapa ndipo njia mbili zinapotengana. Akimwambia mwalimu wake wa akili unde, "Nirekebishie," atapata programu nzima iliyosahihishwa kabla hajameza mate, naye ataendelea mbele bila kujua kilichotokea. Akimwambia, "Usinipe jibu, niulize mpaka nilione kosa," mwalimu huyo huyo atamwuliza: ile 12 uliyoandika, mashine imeipokea kuwa tarakimu au kuwa maandishi? Na maandishi yakizidishwa mara 500 huwa nini? Msichana atatulia, kisha atacheka. Mashine ilifanya alivyoiagiza, neno kwa neno: iliyaandika maandishi hayo mara 500. Kosa hilo halirudii tena maisha yake yote, na amejifunza jambo ambalo hakuna kitabu kingemfundisha kwa uchungu huo mtamu, kwamba kwa kompyuta namba na picha ya namba ni vitu viwili.

Ameshika moyo, sasa anataka kuandika programu ya mirathi, kwa kuwa chuoni amesoma mafungu na anayajua. Anaiomba mashine imwandikie. Inamwandikia, kwa mistari mizuri na maelezo ya Kiswahili juu ya kila mstari. Anaijaribu: mtu kafa, kaacha mke na watoto, mke anapata thumuni, mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, sawa. Kisha anaijaribu kwa swali lingine. Mwanamke amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi wala babu wala ndugu wa kiume. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mali ni shilingi 4,200,000. Programu inampa mume nusu, yaani 2,100,000, na dada wawili thuluthi mbili, yaani 2,800,000. Jumla 4,900,000. Mashine imegawa shilingi laki saba zisizokuwapo, wala haikuona haya.

Aliyesoma chuoni atalishika kosa papo hapo. Nusu ni tatu katika sita, thuluthi mbili ni nne katika sita. Mafungu yamekuwa saba na mali ni sita. Jambo hili wanachuoni huliita auli, na husimuliwa kwamba swali la kwanza la namna hii, la mume na dada wawili, liliamuliwa zama za Khalifa Omar: mali igawanywe kwa saba badala ya sita, ili upungufu umwangukie kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi Pemba, mume atapata 1,800,000 na kila dada 1,200,000, na jumla itarudi kuwa 4,200,000. Je, mashine haiijui auli? Pengine inaijua, ukiiuliza kwa jina huenda ikakuhutubia kurasa tatu. Lakini namna yake ya kufanya kazi ni kukisia neno lifuatalo kutokana na maandishi mengi mno iliyolishwa. Haina mbele yake kitabu cha haki cha kukifungua. Leo huikumbuka auli, kesho huisahau, kutegemea ulivyoiuliza, na siku zote mbili sauti yake ni ile ile ya mtu aliyehakikisha. Anayeweza kuisahihisha ni yule tu aliyekuwa na elimu kabla ya kuiuliza.

Kuna mtego mwingine mdogo wa kugawa mafungu, nautaja kwa kuwa walimu wa hesabu wataupenda. Kompyuta huhifadhi desimali kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kwa hiyo desimali nyingi haziingii humo kamili. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakujibu 0.30000000000000004. Katika mirathi ya watu kumi punje hizo huweza kuleta shilingi isiyo na mwenyewe. Dawa yake ni kuandika mafungu kama sehemu, nusu iwe moja juu ya mbili, kama walivyofanya masheikh wetu, na Python inayo namna ya kufanya hivyo. Nawaachia wanafunzi waitafute.

Haya yanatuleta kwenye kiini cha hoja yangu, nacho ni chuo cha Kurani. Nasema chuo kwa sababu ndiyo skuli ya kale kuliko zote katika kisiwa hiki, na kwa sababu ndiko wengi wetu tulikojua kwamba elimu ina mlango na ngazi. Mtoto alianza na herufi moja moja, alifu, be, te. Hakupewa irabu mpaka herufi zimekaa. Hakuunganisha mpaka irabu zimekaa. Hakuingia juzuu ya Amma mpaka ameunganisha. Kila asubuhi alikaa mbele ya mwalimu na kuyarudisha ya jana kabla ya kupewa ya leo. Aliyetangulia alimsomesha aliyechelewa, na kwa kumsomesha akayajua zaidi. Mwalimu hakumsomea mtoto kwa niaba yake. Hilo lingekuwa kichekesho: nani ahitimu, mtoto au mwalimu?

Sisemi kwamba chuo hakikuwa na ila. Kilikuwa na kiboko, na kiboko kimewatia watu wengi chuki ya elimu. Tena wako waliohitimu Kurani nzima bila kuelewa aya moja, wakabaki na sauti bila maana. Ila hiyo naikubali waziwazi. Lakini mwalimu wa akili unde ana ila iliyo kinyume chake, na ni hatari zaidi kwa kuwa haionekani. Chuo kilimpa mtoto kukariri bila kuelewa. Mashine humpa kuelewa bila kukariri. Mwanafunzi husoma maelezo mazuri, mstari kwa mstari, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nimefahamu. Funga simu, mpe ukurasa mweupe, mwambie aandike: hakuna kitu. Alichokuwa nacho kilikuwa ufahamu wa mwalimu, ulimpitia kama upepo wa kaskazi upitavyo dirishani.

Hili si dhana yangu tu. Katika skuli moja ya sekondari nchini Uturuki karibu wanafunzi elfu moja walifanyiwa jaribio katika somo la hesabu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Waliopewa mashine isiyo na mipaka walifanya mazoezi yao vizuri zaidi kwa asilimia 48 kuliko wenzao wasiokuwa nayo. Mashine ilipoondolewa na mtihani ukaja, walipata pungufu ya wenzao hao kwa asilimia 17. Kundi lingine lilipewa mashine iliyoagizwa itoe vidokezo tu bila kutoa jibu, na pamoja nayo walimu walikuwa wameiwekea makosa yanayotokea mara kwa mara. Hao walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 127, na katika mtihani madhara yale karibu yakatoweka. Walimu wayatie moyoni matokeo hayo yote kwa ukamilifu wake, maana hata kundi hili la pili halikuwashinda katika mtihani wale waliosoma kwa kitabu na daftari. Chuo Kikuu cha Harvard nacho, katika somo lake la mwanzo la kompyuta, mwaka 2023 kiliwapa wanafunzi mwalimu wa akili unde aliyezuiwa kumaliza kazi ya mwanafunzi. Wamempa sura ya bata wa mpira, kwa kuwa waandishi wa programu wana desturi ya kumweka bata wa mpira mezani na kumweleza kosa lao kwa sauti hadi walione wenyewe. Matajiri wa Marekani wamegundua kwamba mwanafunzi hujifunza pale anaposema yeye. Chuoni Pemba jambo hilo halikuhitaji bata.

Kwa hiyo nawajibu washangiliaji: mashine ambayo haijafundishwa kunyima si mwalimu, ni mwandishi wa kukodi. Na wenye hofu nawajibu kwa historia. Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na sababu zilikuwapo: mashine ghali, wataalamu wa kigeni, hesabu za serikali zilizovurugika badala ya kunyooka. Sina haja ya kuwahukumu walioamua. Fedha za kigeni zilikuwa chache na walikuwa wakiilinda nchi changa. Lakini marufuku hayakuzaa hata mwandishi mmoja wa programu. Dunia haikungoja, na mlango ulipofunguliwa tena tuliingia tukiwa wanunuzi. Mwalimu apigaye marufuku akili unde darasani leo ajue kwamba mwanafunzi ataitumia kitandani usiku, pasipo mtu wa kumwambia kuwa mali ya shilingi milioni nne na laki mbili haiwezi kugawanywa ikawa milioni nne na laki tisa.

Imebaki lugha. Kauli isemayo kuwa programu ni ya wajuao Kiingereza tu imekaa miaka mingi kama kutu. Hebu tuihesabu. Python yote ina maneno 35 yaliyotengwa, yenye maana kama "ikiwa", "au", "wakati ambapo", "rudisha". Thelathini na matano! Majina mengine mengi ndani ya programu huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, na hakuna kimzuiacho kuandika pishi, malipo, mume, dada, fungu. Mtoto wa Ole ambaye kabla ya kubaleghe amehifadhi sura nzima kwa Kiarabu hatashindwa na maneno 35 ya Kiingereza. Kinachomshinda ni maelezo: kitabu cha Kiingereza, mwalimu wa Kiingereza, na ujumbe wa kosa ambao mashine humtupia kwa Kiingereza kila anaposahau nukta mbili. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na kizazi kizima kikaingia sekondari kikidhani kuwa fikra ya hesabu ni fikra ya kigeni. Sasa kwa mara ya kwanza yupo mkalimani wa bure. Ujumbe wa kosa ukitokea, mwanafunzi auweke mbele ya mashine na aombe tafsiri yake kwa Kiswahili, tafsiri tu, si dawa. Hiyo naihesabu kuwa kazi bora kuliko zote mashine hii iwezayo kuwafanyia wanaoanza.

Hata hivyo Kiswahili chake ni Kiswahili cha kuazima. Imelishwa maandishi ya Kiingereza kwa mabahari na ya Kiswahili kwa vibaba, na hilo huonekana: sentensi zake mara nyingi ni za Kiingereza zilizovishwa kanzu. Mwanafunzi akiandika Kipemba, kama kisemwavyo nyumbani kwao, humjibu kama mgeni aliyeshuka bandarini jana. Nani alaumiwe? Tusikimbilie kuyalaumu makampuni ya ng'ambo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili tangu amri ya kwanza hadi ya mwisho. Ilikuwa ya bure. Tuliipokeaje? Maofisi yetu yaliendelea kuandika barua za Kiswahili kwa mashine za Kiingereza, na karani akaona fahari. TUKI ilikuwa imekwisha kutoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na bado ziko skuli ambazo mwanafunzi akitumia neno lililomo humo katika jibu lake hukatwa alama. Mashine haiwezi kujua ambayo sisi wenyewe tumekataa kuyaandika na kuyatumia. Walimu wa Kiswahili na walimu wa kompyuta wakikaa pamoja mwaka mmoja, wakaandika kitabu chembamba cha kuanzia, chenye pishi, bao na auli ndani yake, watakuwa wamemfaa mwanafunzi kuliko semina kumi za kusifu maendeleo. Tena mashine nayo itakisoma.

Ama gharama, tusizifumbie macho. Kifurushi cha intaneti hununuliwa kwa fedha ambayo nyumbani ingenunua mchele, na mtoto wa kike mara nyingi ndiye wa mwisho kuishika simu. Darasa likiwa na simu tatu, ziwe za kundi. Mmoja aandike, mmoja aulize, mmoja aeleze; kisha wabadilishane, kama ilivyokuwa chuoni kwa ubao mmoja na watoto wengi.

Na mwalimu wa skuli, ambaye huenda naye hajui Python, ana kazi ambayo mashine haiwezi kumpokonya. Hahitaji kuwa bingwa. Ahitaji kukaa mbele ya mwanafunzi, akamate karatasi yenye programu ya mwanafunzi huyo, aweke kidole juu ya mstari wa nne na kumwuliza kwa Kiswahili: huu unafanya nini, na ukiuondoa itakuwaje? Kisha ampe swali la mume na dada wawili na kipande cha chaki. Asiyeweza kujibu arudi mstari wa kwanza, bila kiboko na bila kejeli, na wiki ijayo akae tena. Saa hiyo ya kuulizana iwekwe katika ratiba kama kipindi kamili, na simu zote zikae juu ya meza ya mwalimu mpaka kengele igongwe.